Linus Pauling: Aliyefichua siri ya selimundu

KWA miaka mingi madaktari waliziona chembe nyekundu za damu zilizopinda mithili ya mundu, wasijue kilichozipinda. Aliyelifumbua fumbo hilo ni Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani.

Alizaliwa Portland, jimbo la Oregon, mwaka wa 1901. Babake, mwuza dawa, alifariki Pauling akiwa na umri wa miaka tisa tu.

Mnamo 1945 alielezwa na daktari kuwa chembe hizo hupinda zikipungukiwa na oksijeni. Akashuku himoglobini, inayoibeba hewa hiyo mwilini. Mwaka wa 1949, yeye na wenzake, akiwemo Harvey Itano, walithibitisha kwa nguvu za umeme kwamba himoglobini ya wagonjwa ni tofauti. Ilikuwa mara ya kwanza chanzo cha maradhi kuonekana ndani ya molekuli.

Alitunukiwa Nobel ya Kemia ya 1954 na ya Amani ya 1962.

Hata hivyo, mnamo 1968 alipendekeza wanaobeba kasoro hiyo wachorwe alama usoni ili wasioane, fedheha kwa watu wasio na hatia.

Alifariki California mwaka wa 1994. Kipimo cha umeme kingali kinawatambulisha watoto wenye selimundu, bila alama yoyote usoni.