Kleist Sykes na nyumba iliyojengwa na wakazi wa Kariakoo

Katika jiji la Dar es Salaam, nchini Tanzania, Mtaa wa Lumumba unapita pembezoni mwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Wakati wa ukoloni wa Uingereza mtaa huo uliitwa New Street. Hapo ndipo chama cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na wengi wanapakumbuka kwa tukio hilo. Hata hivyo, historia ya mahali hapo ilianza miaka ishirini na zaidi kabla ya TANU, pale wakazi wa mji walipochangishana fedha na nguvu za mikono kujenga nyumba ya mikutano iliyokuwa yao wenyewe. Miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo alikuwa karani wa reli, Kleist Sykes.

Kleist alizaliwa mwaka 1894 huko Pangani, katika pwani ya kaskazini. Baba yake, Sykes Mbuwane, hakuwa mwenyeji wa nchi hiyo. Alitoka upande wa Inhambane, kusini mwa Msumbiji, na aliletwa na Wajerumani pamoja na wanaume wengine ili kutumika katika jeshi la Hermann von Wissmann. Alifariki mtoto angali mdogo. Kleist alilelewa na Effendi Plantan, askari mwenye cheo aliyetoka Inhambane vilevile, na katika nyumba hiyo alikulia mjini Dar es Salaam.

Malezi hayo yalimpa mambo mawili ambayo baadaye yalimfaa sana. La kwanza ni elimu: alisoma katika shule ya Kijerumani, akaimudu lugha hiyo na kazi za ofisini. La pili ni hali ya kuwa mtu wa mji. Hakuwa na kijiji cha mababu karibu cha kurudia, wala chifu wa kumtetea. Kabila lake katika nchi hiyo lilikuwa kundi dogo la familia za askari. Kwa mtu wa namna hiyo, jirani alikuwa na uzito wa ndugu.

Vita Kuu ya kwanza ilipozuka mwaka 1914, Kleist alipigana upande wa Wajerumani chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Baada ya Ujerumani kushindwa, Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza. Askari wa zamani wa adui alilazimika kuanza upya, na Kleist akapata kazi ya ukarani katika Shirika la Reli la Tanganyika. Familia yake ilikaa Gerezani, katika Mtaa wa Kipata, ambako mwaka 1924 alizaliwa mwanawe Abdulwahid. Ally na Abbas walifuata.

Mji uliogawanywa

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa imepangwa kwa rangi. Wazungu walikaa Uzunguni, karibu na bahari. Wahindi walikaa katikati, penye maduka. Waafrika walipangiwa Kariakoo na maeneo jirani, na eneo la wazi la Mnazi Mmoja liliachwa kama mpaka. Jina la Kariakoo lenyewe lilitokana na matamshi ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza wakati wa vita.

Mitaa hiyo ilijaa watu wa kila asili. Walikuwamo Wazaramo wenyeji wa pwani, Wamanyema wenye asili ya Kongo, Wanubi, familia zilizotoka Msumbiji, pamoja na vijana waliotoka bara kutafuta kazi bandarini na katika reli. Kila kundi lilikuwa na ngoma zake na utaratibu wake wa kuzikana. Lakini hapakuwa na nyumba moja ambamo wote wangeweza kuketi kama Waafrika wa mji mmoja na kuzungumza mambo yao.

Tayari Martin Kayamba alikuwa ameanzisha huko Tanga, mwaka 1922, chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Chama hicho kiliwaunganisha wasomi, bali mlango wake ulikuwa mwembamba, kwa kuwa aliyestahili kuingia ni mwenye ajira serikalini. Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam Dkt. James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, akiwa katika tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza hali ya elimu Afrika. Kleist alikutana naye, na mazungumzo yao yalimtia ari ya kuanzisha chama ambacho Mwafrika yeyote angekiita chake.

Mwaka 1929 chama hicho kiliundwa kwa jina la African Association. Rais wake alikuwa Cecil Matola, mwalimu Mkristo. Katibu alikuwa Kleist Sykes, Mwislamu. Pamoja nao walikuwapo wengine, akiwamo Mzee bin Sudi. Safu hiyo ya uongozi ilionyesha tangu mwanzo kuwa dini na kabila havikuwa sharti la uanachama.

Ujenzi wa New Street

Chama kisicho na makao hukutana kwa hisani ya watu. Viongozi waliliona hilo mapema, nao wakaamua kujenga. Hawakuwa na mfadhili. Wanachama wengi walikuwa makarani, walimu, mafundi na wafanyabiashara wadogo, na mishahara yao ilikuwa midogo. Walichangishana, na katika siku ambazo hawakuwa kazini walifika kiwanjani kujitolea. Kwa mwendo huo wa kidogo kidogo, jengo lilikamilika mwaka 1933.

Halikuwa jengo la fahari. Uzito wake ulikuwa katika namna lilivyopatikana. Karani aliyezoea kuandika barua za wakubwa, na fundi aliyezoea kujenga nyumba za wengine, sasa walikuwa na ukumbi ambao hawakuomba ruhusa ya mwajiri kuutumia. Ndani yake walijizoeza kuendesha mikutano, kuchagua viongozi na kutunza kumbukumbu, mambo ambayo serikali ya kikoloni haikuwapa nafasi ya kuyafanya kwingineko.

Mwaka huohuo wa 1933, Kleist alikuwa miongoni mwa walioanzisha Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, chama cha Waislamu kilichoshughulikia hasa elimu ya watoto wao, ambao wengi walikosa nafasi katika shule za misheni. Shule ilianzishwa, na haja yake haikuwa na shaka. Lakini kuwa nguzo ya vyama viwili, kimoja cha Waafrika wote na kingine cha waumini wa dini moja, kulileta mivutano. Kleist hakudumu katika ukatibu wa African Association.

Misukosuko haikuishia hapo. Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, alianzisha mwaka 1934 chama chake cha ustawi na biashara cha Waafrika, na mwaka 1937 akaanza kuchapisha gazeti la Kwetu. Vyama hivyo viligombea watu walewale katika mitaa ileile. African Association ilipita vipindi vya kulegea.

Hapo ndipo thamani ya jengo ilipodhihirika. Kama lingekuwa mali ya mtu mmoja, lingeondoka naye alipoacha uongozi. Kama lingekuwa zawadi ya serikali, lingeweza kufungwa kwa barua. Kwa kuwa lilitokana na mikono ya wengi, hakuna aliyeweza kulidai peke yake. Viongozi walibadilika na nyumba ikabaki.

Baada ya Kleist

Kleist aliingia katika biashara na kuendelea kuheshimiwa mjini. Wanawe Abdulwahid na Ally walipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili wakiwa askari wa Uingereza, wakarejea na mtazamo mpya juu ya utawala wa kikoloni. Mwaka 1948 chama kilikuwa kimechukua jina la Tanganyika African Association. Kleist alifariki mwaka uliofuata, 1949, kabla ya kuona mwisho wa safari.

Mwaka 1950 kizazi kipya kilishika uongozi wa chama: Dkt. Vedasto Kyaruzi akawa rais na Abdulwahid Sykes katibu, nafasi ileile aliyokuwa nayo baba yake. Mwaka 1953 Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais. Katika miaka hiyohiyo mji ulipata ukumbi mwingine karibu na Mnazi Mmoja, mkubwa na wa kisasa, uliopewa jina la George Arnautoglu, tajiri wa mkonge mwenye asili ya Kigiriki aliyeugharamia. Ukumbi huo ulitumika sana. Hata hivyo, ilipofika Julai 1954, wajumbe waliounda TANU, wakiwamo Abdulwahid na Ally, walikutana katika nyumba ya New Street.

Kleist aliacha maandishi kuhusu maisha yake. Mjukuu wake aliyasoma alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaandika wasifu uliochapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe. Bila karatasi hizo, mengi kuhusu waasisi wa mwaka 1929 yangepotea.

Leo Mtaa wa Kipata unaitwa Mtaa wa Kleist Sykes. Pale New Street pana ofisi ya Chama Cha Mapinduzi, mrithi wa TANU, ambayo Watanzania huiita kwa kifupi Lumumba. Majina ya wengi waliofika kiwanjani siku zao za mapumziko hayakuandikwa popote.