Edgar F. Codd

Edgar Frank Codd (19 Agosti 1923 – 18 Aprili 2003) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka Uingereza aliyefanya kazi hasa nchini Marekani. Anajulikana kama mwanzilishi wa hifadhidata ya kimahusiano, ambamo habari hupangwa kwa majedwali.

Maisha

Alizaliwa katika kisiwa cha Portland, kusini mwa Uingereza. Alisoma Oxford, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwa rubani wa jeshi la anga. Mwaka 1948 alihamia New York akaajiriwa na kampuni ya IBM. Mwaka 1953 alikwenda Kanada kwa kuchukizwa na siasa za seneta Joseph McCarthy. Baada ya miaka kadhaa alirudi. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1965.

Kazi

Wakati ule programu iliyotafuta habari ilipaswa kufuata njia iliyopangwa tangu awali. Mpangilio ukibadilika, programu nayo iliandikwa upya. Mwaka 1970, akiwa San Jose, California, Codd alitoa makala akipendekeza mtumiaji aseme anachotaka tu, na kompyuta yenyewe itafute njia.

Wapinzani walisema mfumo huo utakuwa mzito mno, na hofu yao haikuwa ya bure. Kwa mfano, jedwali la kata zote za Tanzania likiulizwa Puge iko wilaya gani, kompyuta isiyo na faharasa ya majina husoma mstari mmoja baada ya mwingine, ingawa jibu (Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora) liko kwenye mstari mmoja tu. Penye faharasa hufika haraka, kama msomaji anayefungua kamusi kwenye herufi P. Akiuliza mtu mmoja tofauti haionekani. Wakiuliza maelfu kwa pamoja, tovuti hukwama.

Ni nani basi achague njia? Mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wa IBM walieleza programu inayokadiria gharama ya kila njia kabla ya kuchagua iliyo nafuu. Hata hivyo IBM, iliyokuwa ikiuza mfumo wa zamani uitwao IMS, ilisita, na mwaka huohuo kampuni ya Larry Ellison ikaitangulia sokoni kwa Oracle.

Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981. Alifariki Florida akiwa na umri wa miaka 79.