Candi Rureke, mzee wa Bese aliyeimba habari za Mwindo siku 12

Bukavu – Mwaka 1956, wakati mji wa Bukavu ulikuwa bado makao makuu ya jimbo moja kubwa la Kivu, mzee mmoja wa kabila la Wanyanga alianza kuimba asubuhi katika kijiji cha Bese, upande wa Walikale. Alimaliza siku ya 12. Aliitwa Candi Rureke, na hadithi ya Mwindo inayosomwa leo katika vyuo vikuu vya nchi za mbali ilitoka mdomoni mwake.

Rureke alikuwa na umri wa miaka 50 na kitu. Kazi yake aliijifunza jinsi waimbaji wote wa Wanyanga walivyojifunza: kijana anamfuata mwimbaji mzee, anampigia mdundo, anaitikia nyimbo, mpaka siku moja maneno yanabaki kwake. Mutu wa kazi hiyo aliitwa Shekarisi, kwa jina la roho Karisi. Wanyanga waliamini kama Karisi mwenyewe ndiye anayetaka hadithi iimbwe, na kwamba anamlinda mwimbaji na magonjwa na kifo.

Haikuwa kazi ya kukaa kwenye kiti. Rureke alicheza, aliiga kila mutu wa hadithi, akitikisa kibuyu mkononi, njuga zikilia miguuni. Vijana walipiga mdundo kwa vijiti, watu wa kijiji wakiitikia na kumtolea zawadi.

Aliyemsikiliza akiwa na daftari ni Daniel Biebuyck, mtafiti Mbelgiji wa IRSAC, ile taasisi ya utafiti iliyojenga majengo ya Lwiro, kwenye barabara inayopita Kavumu. Alimwomba Rureke aseme yote anayoyajua juu ya Mwindo. Ombi hilo halikuwa dogo. Kwa desturi mwimbaji anatoa kipande kimoja leo, kingine siku nyingine, na Rureke alisema mara nyingi kwamba hajawahi kuiimba hadithi nzima kwa mfululizo. Alikubali. Waandishi waliandika kutoka asubuhi mpaka usiku, naye akaendelea mpaka nguvu zikamwishia.

Hadithi yenyewe: Shemwindo, mwami wa Tubondo, anakataza wake zake saba wasizae mtoto mwanaume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, anatembea na kusema siku ile ile, akishika usinga wake wenye nguvu, conga. Baba anamtupia mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mtoto anapona kila mara. Shangazi yake Iyangura anamsaidia, wajomba zake wahunzi wanamvika chuma, na baba anapokimbilia kuzimu anamfuata huko. Hamuui. Anamrudisha nyumbani, wanapatana mbele ya watu wote.

Mwaka mmoja tu kabla ya siku zile za Bese, huko London kulikuwa kumemalizika kutolewa The Lord of the Rings ya Tolkien. Wanaopenda vitabu vya aina hiyo watatambua mambo mengi kwa Rureke: mtoto aliyekusudiwa kufa, kifaa cha nguvu, safari ya chini ya dunia, hata joka, Kirimu, mwenye vichwa saba.

Lakini hapo kwenye joka Rureke anakata njia yake. Katika hadithi nyingi za namna hii shujaa anaua joka na kupigiwa vigelegele. Mwindo anaua Kirimu, na kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa damu wa Nkuba, radi. Nkuba anamchukua juu mbinguni mwaka mzima, ateswe na mvua, jua na mwezi, mpaka kiburi kimwishe. Anarudi akiwa amekatazwa kuua wanyama, na ndipo anatawala vizuri.

Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1969, kikiwa na kinyanga na tafsiri ya kiingereza, kazi ya Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga na mtaalamu wa lugha. Mwaka 1978 Biebuyck alitoa hadithi zingine tatu za namna hiyo. Jalada la kile cha kwanza lina majina ya hao wawili. Jina la Rureke liko ndani. Naye pia hakujisahau: katikati ya nyimbo za Mwindo alikuwa akiingiza habari zake mwenyewe, na hizo nazo ziliandikwa.