Jason Sendwe: mbunge, chama na kiambishi

Wazee wa Uvira wanapohesabu miaka, wengi huanzia vita vya Mulele. Katikati ya Mei 1964 waasi waliuteka mji huu, kisha vita vikateremka kando ya ziwa kupitia Fizi hadi Albertville, Kalemie ya leo. Huko, tarehe 19 Juni, aliuawa Jason Sendwe, rais wa jimbo la Katanga Kaskazini. Kwetu anakumbukwa kidogo kuliko waasi waliopita hapa, ingawa yeye alikuwa ameingia katika siasa kwa kura.

Sendwe alizaliwa mwaka 1917 Mwanya, eneo la Kabongo, katika familia ya Waluba. Alisoma katika shule za misheni ya Wametodisti, akafundisha na kuhubiri, kisha akasomea utabibu na kuwa msaidizi wa daktari. Wakati huo koloni haikuwa na shule ya kumfanya Mkongomani daktari kamili, kwa hiyo cheo hicho ndicho kilichokuwa kikomo.

Mwaka 1957 ilianzishwa Balubakat, naye akawa kiongozi wake. Jina hili linachambulika kwa urahisi: ba- ni kiambishi cha ngeli ya watu, sawa na wa- ya Kiswahili sanifu, -luba ni shina, -kat ni kipande cha neno Katanga. Anayelisikia hudhani ni chama cha kabila moja tu. Mpinzani wake Moïse Tshombe, ambaye naye alisomeshwa na Wametodisti, aliongoza Conakat, jina lisilotaja kabila lolote.

Matendo yalikwenda kinyume na majina. Conakat ilidai Katanga iwe ya wale iliowaita wenyeji halisi, na wahamiaji kutoka Kasai ikawaona wageni. Balubakat ilijiunga na Conakat Februari 1959, ikajitoa Novemba mwaka huohuo, kisha ikaungana na Atcar ya Wachokwe na Fedeka ya watu wa Kasai.

Mei 1960 Sendwe alichaguliwa kuingia Bunge la taifa. Katika baraza la jimbo, Conakat ilipata viti 25 kati ya 60. Muungano wa Sendwe ulisusia vikao, na bila theluthi mbili ya wajumbe serikali ya jimbo haikuweza kuundwa. Mwezi Juni Ubelgiji ilibadilisha sheria, wingi wa kawaida ukatosha, na Tshombe akashika madaraka. Tarehe 11 Julai alitangaza kujitenga kwa Katanga. Lumumba alikuwa amemteua Sendwe kuwa kamishna wa serikali kuu huko, lakini hakuweza kuishika kazi hiyo.

Kaskazini mwa Katanga kukawaka vita kati ya vijana wa Balubakat na askari wa Tshombe. Raia waliumizwa na pande zote mbili. Novemba 1960, huko Niemba, wapiganaji Waluba waliwaua askari 9 wa Ireland waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa. Damu hiyo nayo imo katika historia ya chama.

Agosti 1961 Sendwe akawa naibu waziri mkuu katika serikali ya Cyrille Adoula. Septemba 1963 alichukua urais wa Katanga Kaskazini. Machi 1964 baraza lilimwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani, kisha akarudishwa. Mwishoni mwa Mei maasi yalizuka Albertville. Alikamatwa, jeshi likamwokoa. Wiki tatu baadaye mji ukaanguka, naye akauawa. Miongoni mwa viongozi wa uasi alikuwepo Laurent-Désiré Kabila, aliyelelewa kisiasa katika Balubakat yenyewe.

Leo hospitali kubwa ya Lubumbashi ina jina la Sendwe. Kwetu sisi wanafunzi wa lugha, maisha yake yanafundisha jambo jingine pia. Bavira, Bafuliiru, Babembe na Banyamulenge wote wana kiambishi kilekile, na wakati wa uchaguzi majina haya huwa mazito. Lakini jina lisilotaja kabila liliwafukuza watu, na jina lenye kabila liliungana na majirani bila kuwalinda watu wake dhidi ya wao kwa wao. Sarufi itatuonyesha jinsi jina lilivyoundwa. Chama tukipime kwa watu kinaokubali kuketi nao.