Fannie Lou Hamer: Mchuma pamba aliyewaandaa Weusi kupiga kura

JINA la Fannie Lou Hamer halivumi humu nchini kama ya Martin Luther King na Malcolm X. Hata hivyo, historia ya kura ya mtu mweusi nchini Marekani haikamiliki bila ya kumtaja mwanamke huyu, aliyechuma pamba kwa karibu miaka 40 kabla ya kufahamu kwamba sheria ya nchi yake ilimruhusu kupiga kura.

Alizaliwa Oktoba 6, 1917 katika Kaunti ya Montgomery, jimbo la Mississippi, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto 20. Wazazi wake, James Lee na Lou Ella Townsend, walilima mashamba ya Wazungu kwa mapatano ya kugawana mavuno. Aghalabu msimu ulipokwisha, mkulima mweusi aliambulia deni.

Hamer alianza kuchuma pamba akiwa na umri wa miaka sita. Ugonjwa wa polio ulimwacha akichechemea, nayo masomo yake yakakatizwa mapema kwa sababu ya umaskini. Kwa kuwa alijua kusoma na kuhesabu, mwenye shamba alikofanya kazi na mumewe, Perry Hamer, karibu na mji wa Ruleville, alimkabidhi jukumu la kuandika saa za kazi za vibarua.

Mnamo 1961 alilazwa hospitalini ili kuondolewa uvimbe, kumbe madaktari walimtoa kizazi bila idhini yake. Dhuluma hiyo iliwapata wanawake wengi maskini na weusi wa kusini mwa Marekani enzi hizo.

Agosti 1962, wanaharakati wa haki za raia waliandaa mkutano katika kanisa moja mjini Ruleville. Miongoni mwao walikuwa James Bevel wa shirika la SCLC, lililoongozwa na Martin Luther King, na James Forman wa SNCC, chama cha vijana waliokuwa wakizunguka vijijini kuwahimiza Weusi wajisajili kuwa wapigakura. Hamer, aliyekuwa na umri wa miaka 44, alikuwa miongoni mwa waliojitolea kwenda kujisajili.

Mtihani wa karani

Agosti 31, 1962, watu 18 waliabiri basi hadi Indianola, makao makuu ya Kaunti ya Sunflower. Huko walikumbana na kizingiti kilichojengwa kwa ustadi mkubwa.

Tangu katiba ya Mississippi ya 1890, aliyetaka kujisajili alilazimika kusoma au kueleza kifungu cha katiba hiyo, naye karani wa kizungu ndiye aliyeamua nani amefaulu. Fomu ilimtaka mwombaji ataje anakoishi na mwajiri wake, na kwa sheria ya 1962 jina lake lilichapishwa gazetini. Kwa njia hiyo, kila tajiri wa shamba alijua ni kibarua gani wake aliyethubutu kwenda kwa karani.

Hamer alipewa kifungu kuhusu sheria ambazo hazikuandikwa lakini hufuatwa kwa mazoea. Hakuweza kukieleza, akaanguka. Wakiwa njiani kurudi, polisi walilisimamisha basi na dereva akatozwa faini kwa kisingizio kwamba rangi ya gari lake ilifanana mno na ya basi la shule. Abiria waliokuwa na hofu walitulizwa na sauti ya Hamer akiimba nyimbo za dini.

Jioni hiyo mwenye shamba alimtaka aondoe ombi lake la usajili au ahame. Hamer alihama usiku uo huo, akaacha makao ya miaka 18. Siku chache baadaye, risasi 16 zilifyatuliwa katika nyumba ya marafiki waliokuwa wamempa hifadhi.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Desemba mwaka huo alirudi kwa karani na kumweleza kwamba angekuja kila mwezi hadi afaulu. Kati ya safari hizo alijisomea katiba ya jimbo kwa msaada wa vijana wa SNCC. Januari 1963 alipata habari kwamba amefaulu.

Ushindi huo ulikuwa nusu tu. Alipokwenda kupiga kura mwaka huo aliambiwa aonyeshe stakabadhi za kodi ya kichwa za miaka miwili, naye hakuwa nazo. Wasomaji wanaokumbuka kodi ya kichwa iliyotozwa Waafrika enzi ya ukoloni nchini Kenya wataelewa uzito wa mzigo huo kwa kibarua.

Kipigo cha Winona

Kisa hicho kilimfunza Hamer kwamba ujasiri bila maandalizi haumfikishi mtu kwenye sanduku la kura. Alijiunga na SNCC kama mhamasishaji wa nyanjani na kuhudhuria mafunzo ya uraia yaliyoanzishwa na mwalimu Septima Clark wa South Carolina. Katika madarasa hayo watu wazima walifundishwa kusoma kwa kutumia fomu za usajili, kuandika majina yao na kuelewa kazi za serikali.

Juni 9, 1963, Hamer na wenzake walikuwa wakirejea kutoka mafunzo hayo basi lao liliposimama mjini Winona, Mississippi. Baadhi yao walikamatwa kwa kuingia katika mkahawa wa Wazungu. Wakiwa korokoroni, polisi waliwaamuru wafungwa wawili weusi wamchape Hamer kwa rungu. Kipigo hicho kilimwachia madhara ya figo na jicho yaliyomsumbua hadi kufa. Maafisa husika walishtakiwa, lakini mahakama yenye wazee wa baraza Wazungu watupu ikawaachilia.

Novemba 1963, wanaharakati waliandaa uchaguzi wa mfano kwa wale waliofungiwa nje ya ule rasmi. Karibu watu 80,000 walipiga kura makanisani na madukani. Kura hizo hazikuhesabiwa na serikali, lakini ziliwapa watu mazoezi na kuvunja dai kwamba Weusi hawakutaka kushiriki siasa.

Mwaka uliofuata Hamer alisaidia kuunda chama cha Mississippi Freedom Democratic Party, kikishindana na tawi la Wazungu watupu la chama cha Democratic. Agosti 22, 1964, alitoa ushahidi katika kongamano la Democratic mjini Atlantic City, akisimulia Indianola na Winona. Rais Lyndon Johnson aliita wanahabari kwa ghafla ili kamera zimwache mwanamke huyo. Hila hiyo haikufua dafu, kwani jioni vituo vya televisheni vilipeperusha ushahidi wake na taifa likamsikiliza.

Wajumbe wake walipewa viti viwili tu, wakavikataa.

Wiki chache baadaye alizuru Guinea na wenzake wa SNCC, ambako alikutana na Rais Sékou Touré na kuwaona Waafrika wakijiendeshea serikali yao. Desemba 20, 1964 alihutubu katika kanisa moja la Harlem, New York, pamoja na Malcolm X. Katika hafla hiyo waimbaji wa SNCC waliimba wimbo wenye jina la Jaramogi Oginga Odinga, ambaye vijana wa chama hicho walikuwa wamekutana naye Atlanta mwaka mmoja kabla.

Sheria na baada yake

Agosti 6, 1965, Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura, iliyosimamisha mitihani ya makarani na kuruhusu maafisa wa serikali ya shirikisho kusajili wapigakura. Kabla ya hapo, asilimia 6.7 tu ya Weusi waliostahili katika jimbo la Mississippi walikuwa wamesajiliwa. Kufikia 1967 walikuwa asilimia 59.8.

Uchaguzi wa kwanza wa katikati ya muhula wa rais chini ya sheria hiyo ulifanyika 1966. Chama cha Hamer kilimsimamisha mchungaji Clifton Whitley dhidi ya Seneta James Eastland, tajiri wa pamba katika Kaunti ya Sunflower. Eastland alishinda. Mwaka huo huo mahakama ya rufaa iliharamisha uchaguzi wa mitaa katika kaunti hiyo, kufuatia kesi ya Hamer na wenzake waliodai kwamba wapigakura wapya walinyimwa muda wa kutosha kujisajili. Uchaguzi uliporudiwa Mei 1967, wagombea weusi walishindwa tena.

Kushindwa huko kulimfunulia Hamer kwamba kibarua anayeweza kufukuzwa kesho hupiga kura kwa woga. Ndiposa mnamo 1969 akaanzisha shamba la ushirika, Freedom Farm, ambako familia maskini zililima chakula chao wenyewe. Familia iliazimwa nguruwe jike, ikabaki na vitoto na kurudisha wachache kwa ajili ya jirani. Shamba hilo lililemewa na madeni likasambaratika katikati ya miaka ya sabini.

Yeye mwenyewe aliwania ubunge 1964 na useneta wa jimbo 1971 bila mafanikio. Alifariki Machi 14, 1977 akiwa na umri wa miaka 59, akiugua saratani na shinikizo la damu, na kuzikwa Ruleville katika ardhi ya ushirika wake. Januari 2025, Rais Joe Biden alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais, miaka 47 baada ya kifo chake.

Hata hivyo, mwaka wa 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha kigezo kilichoyalazimu majimbo kama Mississippi kuomba idhini kabla ya kubadilisha kanuni za uchaguzi. Tangu hapo, majimbo kadhaa yamekaza masharti ya vitambulisho. Ndiyo maana kila baada ya miaka miwili makanisa na mashirika ya Weusi huanza kazi mapema: kukagua majina katika sajili, kueleza ni stakabadhi zipi zinazohitajika na kuwasafirisha wazee vituoni. Kazi hiyo Hamer aliianza kwa kurudi kwa karani yule yule aliyemwangusha.