Stanley Gill

Stanley Gill (26 Machi 1926 – 1975) alikuwa mtaalamu wa hisabati na kompyuta kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa utafiti alioufanya katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akiwa bado kijana, kuhusu namna ya kutafuta makosa ndani ya programu za kompyuta.

Maisha ya awali

Gill alizaliwa Worthing, mji ulioko pwani ya kusini ya Uingereza. Alisoma katika Chuo cha St John's, Cambridge, akahitimu mwaka 1947. Mwaka huohuo aliajiriwa na Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington, karibu na London, alikoshiriki katika kazi ya kompyuta ya Pilot ACE, iliyotokana na usanifu wa Alan Turing. Baadaye alirudi Cambridge kusomea shahada ya uzamivu katika maabara iliyoongozwa na Maurice Wilkes.

Tatizo la makosa

Kompyuta ya maabara hiyo, EDSAC, ilianza kufanya kazi tarehe 6 Mei 1949. Ilikuwa na vali zipatazo 3,000, na kumbukumbu yake ilitumia mirija iliyojazwa zebaki. Programu iliingizwa kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu.

Haikuchukua muda kuonekana kwamba kuandika programu sahihi ni kazi ngumu kuliko ilivyodhaniwa. Herufi moja iliyokosewa ilitosha kukwamisha hesabu au, vibaya zaidi, kutoa jibu la uongo. Mwanzoni mtumiaji aliketi mbele ya mashine, akabonyeza kitufe ili itekeleze amri moja moja, huku akitazama nukta kwenye kioo kilichoonyesha yaliyomo katika kumbukumbu. Kompyuta ilikuwa moja na wenye shida nayo walikuwa wengi, lakini ilibidi imsubiri mtu mmoja afikiri.

Njia nyingine ilikuwa kuchapisha yaliyobaki katika kumbukumbu baada ya programu kukwama, kisha kuyachunguza mezani. Njia hii iliokoa muda wa mashine, ila ilionyesha hali ya mwisho tu. Haikueleza programu ilipitia wapi hadi kufika hapo.

Utafiti wake

Gill alitaka safari yenyewe ionekane. Aliandika programu ya ukaguzi iliyokaa katika kumbukumbu pamoja na programu inayochunguzwa. Programu hiyo ilichukua amri moja ya mwenzake, ikachapisha herufi ya amri hiyo, ikaitekeleza, kisha ikafuata inayokuja. Amri ya kuruka kwenda sehemu nyingine ilishughulikiwa na mkaguzi mwenyewe, asije akapoteza usukani. Mtumiaji aliondoka na karatasi yenye mfululizo wa herufi, akailinganisha kwa utulivu na alichokusudia. Mahali mfululizo ulipoacha njia, kosa lilikuwa karibu.

Njia hii ilikuwa na gharama. Mkaguzi alichukua nafasi katika kumbukumbu iliyokuwa ndogo, na kuchapa kulikuwa polepole mno kuliko kuhesabu. Kwa hiyo zilitungwa aina mbalimbali za ukaguzi, zikiwemo zilizochapisha namba na zilizoanza kazi baada ya sehemu fulani ya programu kupita. Gill alieleza utafiti huu katika makala iliyotolewa na Royal Society mwaka 1951.

Kazi nyingine

Mwaka huo wa 1951 Gill, Wilkes na David Wheeler walitoa kitabu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza kuhusu utungaji wa programu. Kilieleza pia maktaba ya programu ndogo zilizokwisha kujaribiwa, ili mtu asirudie kuandika, na kukosea, jambo lililokwisha kufanywa na mwingine. Gill aliboresha vilevile njia ya Runge-Kutta ya kutatua milinganyo tofautishi ili itumie kumbukumbu kidogo. Njia hiyo huitwa Runge-Kutta-Gill.

Baadaye alifanya kazi katika kampuni ya Ferranti, akawa profesa katika Imperial College, London, na rais wa Chama cha Kompyuta cha Uingereza. Alifariki mwaka 1975, kabla ya kufikisha miaka 50.

Urithi

EDSAC ilizimwa mwaka 1958, lakini wazo la programu moja kuifuatilia nyingine hatua kwa hatua halikuzimwa nayo. Zana wanazotumia waandishi wa programu leo kusimamisha programu na kukagua amri baada ya amri zinafuata wazo hilohilo.