Siti binti Saad: Mwimbaji aliyetoa ushahidi kwa wimbo

Sisi wa Kasoli na Bariadi kwa jumla tumekulia kwenye ngoma za Bagika na Bagalu, si kwenye taarabu. Hata hivyo, maisha ya mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, Siti binti Saad, yanatuhusu. Kwanza, baba yake alikuwa Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Msukuma ni ndugu. Pili, karibu miaka 100 iliyopita aliimba kisa cha mwanamke aliyebakwa na kuuawa, kisa ambacho mahakama ilikimaliza kwa kuwafunga wanawake wengine.

Muuza vyungu wa Fumba

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, miaka ya 1880 hivi. Mama yake alikuwa Mzigua. Wazazi wake wote wawili walikuwa watumwa, na mtoto naye akaitwa Mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini kufutwa kwenye karatasi hakukuwapa watu wa aina yake shamba wala heshima.

Hakupelekwa shule. Alijifunza ufinyanzi nyumbani, kisha akawa anabeba vyungu kichwani na kutembea navyo hadi mjini kuviuza. Njiani alinadi bidhaa yake kwa kuimba. Watu walimtambua kwa sauti kabla hawajamwona.

Mwaka 1911 alihamia mjini, akakaa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kipato cha chini na wengi waliotoka utumwani. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa kikundi cha Ikhwan Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905. Huyo ndiye aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala.

Wakati huo taarabu ilikuwa burudani ya ikulu ya Sultani na ya nyumba za matajiri. Waimbaji walikuwa wanaume, na lugha ilikuwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili, na watu wa kawaida wakaelewa kila neno. Ndipo akapewa jina la Siti, maana yake bibi wa heshima. Waliomwonea wivu walimcheka kwa sura yake na kwa asili yake. Aliwajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa mtu uko kwenye akili na tabia.

Wimbo wa Kijiti

Siti na wenzake walikusanyika nyumbani kwake Ng'ambo, wakazungumza habari za mjini na kuzitungia nyimbo. Mojawapo ya habari hizo ni ya mwanamume aliyeitwa Kijiti.

Mwanamke mmoja mjamzito alikuwa amefika Unguja kutembea, akitokea Dar es Salaam. Usiku alitoka na wenyeji wake kwenda kustarehe, na Kijiti akiwamo. Kijiti akamchukua mgeni huyo, akambaka na kumuua. Kisha akatoroka, akavuka bahari kwenda bara.

Wanawake waliokuwa nao usiku ule walikwenda kueleza walichokijua. Mahakama ya wakati wa ukoloni iliwageukia wao. Kosa walilokutwa nalo ni la pombe iliyonunuliwa usiku ule, wakafungwa. Muuaji alikuwa huru, na mashahidi wakawa wafungwa.

Hapo ndipo wimbo ulipofanya kazi ambayo mahakama haikuifanya. Ulimtaja mtuhumiwa kwa jina. Ulieleza jinsi mgeni alivyochukuliwa na hali aliyorudishwa nayo. Ulimhesabu pia mtoto aliyekuwa tumboni. Uliwataja hata waliofungwa, ili watu wajue nani alitendewa nini. Kijiti alikwepa jela, lakini jina lake halikukwepa midomo ya watu.

Sauti iliyovuka bahari

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki aliyerekodi nyimbo kibiashara. Hadi mwaka 1931 santuri za wasanii hao zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 70,000. Kwa watu wengi wa wakati ule ambao hawakujua kusoma, santuri ya Kiswahili ilikuwa kama redio ilivyo kwetu leo.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya hapo mwandishi Shaaban Robert alionana naye, na baadaye akaandika kitabu cha maisha yake. Wimbo wa Kijiti haukufa naye. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba hadi uzeeni. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Kwa nini tumkumbuke leo

Yaliyowapata mashahidi wale hayajaisha. Hata leo, mwanamke akisema kwamba amebakwa au amepigwa, maswali ya kwanza huwa ni juu yake. Alikuwa wapi saa zile? Alikunywa nini? Alifuata nini kwa watu wale? Jirani aliyeona naye huogopa kuitwa mmbea, au kuingizwa kwenye kesi isiyo yake. Mwishoni wazee huitwa, faini ya ng'ombe hutajwa, na jambo hufunikwa.

Sheria ya sasa si ile ya mkoloni. Tangu mwaka 1998 adhabu ya kubaka mtu mzima ni kifungo kisichopungua miaka 30. Polisi wana dawati la jinsia na watoto, na fomu ya PF3 hutolewa ili majeraha yaandikwe na daktari. Aliyebakwa awahi kituo cha afya kabla ya kuoga wala kufua nguo alizovaa.

Lakini fomu haijijazi yenyewe, na dawati halina macho ya kuona yaliyotokea kijijini. Anahitajika mtu wa kusema alichokiona. Siti hakuwa na elimu ya shule, hakuwa na ukoo mkubwa, na hakuwa hakimu. Alichokuwa nacho ni sauti, na aliitumia kumtaja mkosaji huku wengine wakinyamaza.